Siku Tatu za Kimya Kituntu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Tulipoombwa kusema habari za safari yetu ya Kituntu tulisita kwanza, kwa kuwa si rahisi kusimama mbele ya watu na kueleza kwa maneno mengi jambo ambalo shina lake ni kutosema neno. Walakini tumesikia uvumi umekwisha kuenea maofisini. Wengine wamesema kwamba tulikwenda kufanywa mapadre, na wengine kwamba tulifungiwa ndani kama watoto watukutu. Basi yafaa habari ijulikane kama ilivyokuwa.

Tena twaomba radhi kwa jambo moja la lugha. Tutakaposema “sisi,” mara nyingine itakuwa ni makarani wanne tuliokwenda pamoja, watatu wa Karagwe na mmoja wa Kyerwa. Na mara nyingine itakuwa ni huyu mmoja tu anayesema sasa, kwa desturi ya kurasa za jarida letu. Mtatutambua kwa maneno yenyewe.

Watu wengi wakisikia neno mafungo hufikiri habari za njaa, maana kufunga kwa kawaida ni kujinyima chakula. Sivyo hapa. Chakula kilikuwepo, tena cha kutosha; kilichofungwa ni kinywa. Mtu hujitenga na kazi yake na nyumba yake kwa siku chache, hunyamaza, hupewa maneno machache ya kutafakari, kisha huachwa peke yake na Mungu wake na dhamiri yake. Mapadre na watawa wa Kanisa Katoliki yawapasa kufanya hivyo, na wamisionari wa Afrika, wale watu wa hapa waliowaita Mapadre Weupe, waliofika Kashozi karibu na Bukoba mwaka 1892, walikuwa na desturi hiyo tangu siku za kwanza. Lakini sisi tusio mapadre twaijua kwa kusikia tu. Wengi wetu tuliosoma shule za misioni tulifanyiwa mafungo ya siku moja kabla ya Kipaimara, tukayapitisha kwa kurushiana mbegu za mipera nyuma ya migongo ya walimu.

Aliyeyatengeneza mafungo ya namna hii alikuwa askari. Huyu ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mtu wa Hispania. Mwaka 1521, katika vita ya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Alipokuwa kitandani aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa vya kumpitishia muda. Havikuwamo nyumbani mle, akaletewa habari za maisha ya Yesu na za watakatifu. Hapo ndipo alipoanza kujichunguza, akaona kwamba mawazo mengine humfurahisha mtu yakiwapo na kumwacha mkavu yakiondoka, na mengine humwacha na utulivu hata baada ya kupita. Mwaka 1522 alikwenda Manresa, akakaa huko mpaka mwanzo wa mwaka uliofuata katika sala na ukiwa mkubwa, akaandika aliyoyaona. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1548 kwa idhini ya Papa Paulo wa Tatu. Mafungo yake kamili ni ya siku thelathini, lakini hufupishwa yakawa ya siku nane, au ya siku tatu kama yetu.

Katika kitabu hicho mna jambo moja ambalo lilitufurahisha sana sisi watu wa ofisi. Inyasi alimfikiria pia mtu aliyeshikwa na kazi za umma, asiyeweza kuondoka. Akasema mtu huyo apewe saa moja na nusu kila siku, naye afanye mazoezi hayo hayo nyumbani kwake polepole. Kumbe karani alikwisha kukumbukwa karibu miaka mia tano iliyopita! Tukaambiwa pia kwamba Papa Pio wa Kumi na Moja alimtangaza Inyasi kuwa msimamizi wa mafungo mwaka 1922. Nanyi mwaujua mwaka huo kwa sababu nyingine: ndio mwaka ambao watumishi wa serikali Waafrika waliunda chama chao Tanga, Martin Kayamba akiwa rais. Mambo haya mawili hayakuhusiana hata kidogo, illa kwetu tarehe ilikaa kichwani kwa urahisi.

Hatutaki ndugu zetu wa dini nyingine wafikiri kwamba hayo ni mali ya Wakatoliki peke yao. Waislamu wana itikafu, ambayo mtu hukaa msikitini, aghalabu katika siku kumi za mwisho za Ramadhani, akiacha shughuli za dunia. Mwenzetu mmoja wa masijala hufanya hivyo kila apatapo ruhusa, na ndiye wa kwanza aliyetuambia, “Nendeni, msiogope, siku ya pili itawauma, ya tatu hamtataka kuondoka.” Marafiki wa Uingereza, waitwao Quakers, waliofungua misioni yao kisiwani Pemba mwaka 1897, ibada yao ya asili ni kukaa kimya pamoja hata mmoja wao aguswe kusema. Na wafuasi wa Buddha wana mafunzo ya siku kumi yaliyoenezwa duniani na S. N. Goenka, mtu aliyezaliwa Burma mwaka 1924 na kufariki mwaka 2013. Huko watu hukaa chini karibu saa kumi kwa siku, wakitazama pumzi zao na mwili wao, hawasemi wala hawatazamani. Tulipoyasikia hayo tuliona siku tatu zetu ni mchezo wa watoto.

Basi tuje Kituntu.

Tulifika siku ya Alhamisi, saa kumi na moja jioni, tumepanda pikipiki mbili, vumbi limetugeuza rangi. Mahali penyewe palikuwa ni majengo ya shule yaliyoazimwa wakati wa likizo, yakizungukwa na migomba na mibuni, na bonde chini yake. Tulikuwa watu kumi na tisa kwa jumla: walimu, wauguzi, mwenye duka mmoja, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya posta, na sisi. Padre aliyetuongoza ni mzee, na sauti yake ni ndogo hata ilibidi tukae mbele. Alitupokea kwa uchangamfu, tukala pamoja, tukazungumza na kucheka. Kisha akaleta kikapu, kikapu cha kawaida cha sokoni, akasema kila mtu atie simu yake humo, na baada ya kengele ya saa tatu hakuna atakayesema neno mpaka Jumapili baada ya Misa.

Ndugu zangu, mngeona jinsi watu wazima walivyokiangalia kikapu kile. Muuguzi mmoja aliuliza kama mtoto wake akiugua itakuwaje. Padre akajibu kwamba simu ya nyumba iko, namba yake iachwe nyumbani, na mwenye habari ya lazima ataitwa. Mwenye duka alitoa simu moja, akakaa kidogo, akatoa ya pili. Sisi tulitoa yetu tukijiona mashujaa, na usiku ule ule tuliinyosha mkono gizani mara tatu kuitafuta mtoni, kama mtu aliyekatwa kidole ambaye bado akisikia kinawasha.

Jambo lililotutaabisha zaidi siku ya kwanza halikuwa ukimya wenyewe, bali salamu. Wageni labda hawatafahamu. Kwetu Karagwe mtu hapiti karibu na mtu bila kumsalimu, na salamu si neno moja. Kuna ya asubuhi na ya jioni, kuna ya mkubwa na ya mdogo, na mwanamke aliyelelewa vizuri huinama. Kumpita mzee kimya ni kumwambia kwamba humhesabu kuwa mtu. Asubuhi ya Ijumaa tulikutana na yule mzee wa posta penye mtungi wa maji ya kunawa uso. Midomo yetu ilikwisha kufunguka. Yeye akatutazama, akainamisha kichwa polepole, akaweka mkono kifuani, akapita. Tukafanya vivyo hivyo. Na twakiri kwamba hatujapata kusalimiwa kwa heshima namna ile siku nyingi, maana mara nyingi maneno ya salamu hututoka vinywani huku macho yako kwingine, hasa tukiwa mezani kwetu kazini na mtu amesimama mbele yetu.

Utaratibu wa siku ulikuwa mwepesi kuusimulia. Kengele, ambayo ilikuwa ni chuma cha gurudumu kilichotundikwa mwembeni, iligongwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sala, uji, kisha Padre alisema kwa dakika ishirini, akitoa sehemu fupi ya Injili na maswali mawili au matatu. Halafu kila mmoja alikwenda mahali pake, chumbani au chini ya mti, kwa saa moja. Mara nne kwa siku ikawa hivyo. Mchana ndizi na maharage, jioni tena ndizi, na mmoja wetu alisoma kitabu kwa sauti wakati wengine wakila. Baada ya chakula kila mtu aliosha sahani yake. Mara moja kwa siku kila mtu alikuwa na ruhusa ya kumwona Padre kwa robo saa na kusema naye, ili asiyeweza kubeba mzigo wake asilale nao.

Lakini lililo jepesi kusimulia si jepesi kulikaa. Saa ya kwanza chini ya mbuni tuliopewa tulisoma ile sehemu ya Injili, tukaimaliza kwa dakika mbili kama tusomavyo waraka kutoka makao makuu. Tukatazama saa. Tukaisoma tena. Tukaanza kuhesabu punje za kahawa kwenye tawi moja, tukafika mia na kumi. Kisha kichwa kikafunguka, na yaliyokuwamo hayakuwa maombi: tuliona masijala nzima, makabati yamefunguliwa yote kwa pamoja, na kila jalada lasema kwa sauti yake. Madai ya posho ya safari ya mwezi wa tatu. Maneno ya kijana mmoja aliyetujibu vibaya mbele ya wageni, na majibu mazuri ambayo tungempa. Bei ya mabati. Nani atapandishwa daraja. Tulistaajabu kuona kwamba kelele zote tulizozisingizia soko na redio za jirani zilikuwa zimekuja nasi Kituntu bila kulipa nauli.

Mwenzetu mmoja alilala usingizi kila saa ya tafakari kwa siku nzima. Alipomwambia Padre kwa aibu, aliambiwa kwamba mwili wake ulikuwa ukidai deni lake, na alale mpaka deni liishe. Mwingine alishikwa na kicheko mezani, kwa sababu tumbo la mwenye duka lilinguruma wakati msomaji aliposoma habari za tufani baharini. Kicheko kile kilizunguka meza yote bila sauti, watu machozi yanawatoka, na Padre mwenyewe alificha uso kwa leso.

Siku ya pili ilikuja kama tulivyoonywa. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ukungu ukafunika bonde, nasi tukajisikia wakavu na wenye hasira bila sababu. Tuliwaza kuondoka. Tulikwisha kutunga hata udhuru: tungesema kuna hesabu za robo ya mwaka zinazotungoja. Tulipokwenda kwa Padre kumwaga huo udhuru, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuambia mambo mawili ambayo ni ya Inyasi. La kwanza, mtu asibadili shauri lake wakati wa ukiwa. Alilolikata akiwa na utulivu alishike mpaka utulivu urudi. La pili, mtu akiona saa ya sala ni ndefu na anataka kuikatiza, asiikatize, bali aongeze kidogo juu yake. “Ukiisha kuishinda,” alisema, “utakuwa na ruhusa ya kwenda.” Tukarudi chini ya paa la darasa, tukakaa saa ile na dakika tano juu yake, tukisikiliza mvua kwenye mabati.

Sasa tumefika mahali ambapo tungependa kupita haraka. Lakini tuliahidi kusema kweli.

Usiku wa Ijumaa Padre alitufundisha zoezi la jioni. Mtu hushukuru kwa siku aliyopewa, huomba mwanga, kisha huipitia siku yake saa kwa saa kama mtu apitiaye daftari, huomba msamaha kwa lililoharibika, na huazimia la kesho. Robo saa yatosha. Usiku wa Jumamosi tulilifanya zoezi hilo, na kwa kuwa siku yenyewe haikuwa na mambo mengi, tulijikuta tunapitia siku nyingine, za nyuma. Mvua ilikuwa imekatika. Katika kimya kile tulisikia sauti ya mtu akisema, “Mambo yako yanashughulikiwa, Mama. Njoo mwisho wa mwezi.” Ilikuwa sauti yetu wenyewe.

Mama huyo ni mjane. Mumewe alikuwa kibarua wa barabara, baadaye akaajiriwa, akafa akiwa kazini. Mama alileta karatasi zake kwetu, katika ofisi ambayo hatutaitaja, ili zipelekwe mbele apate mafao ya marehemu. Zilikuwa kamili: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, barua ya mtendaji, muhtasari wa kikao cha ukoo, na uthibitisho wa mahakama kwamba yeye ndiye msimamizi wa mirathi. Kasoro ilikuwa moja tu. Katika karatasi moja jina la marehemu lilianza kwa R, na katika nyingine kwa L. Ninyi mjuao lugha za kwetu mwafahamu kwamba herufi hizo mbili vinywani mwetu ni ndugu wa tumbo moja, na kila mwandishi huandika ile iliyomjia. Dawa yake ni hati ya kiapo, karatasi moja, kuthibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Siku tulipoiona kasoro ile ilikuwa karibu saa tisa na nusu, tulikuwa na haraka. Tukaliweka jalada katika saraka ya chini, tukisema tutamwambia akija.

Alikuja. Tulikuwa na wageni, tukamwambia mambo yanashughulikiwa. Alikuja mara ya pili, na sasa ilikuwa aibu kumwambia kwamba karatasi hazijaondoka, basi tukasema vile vile. Mara ya nne alikuja na mkungu mdogo wa ndizi kichwani, akauweka chini ya meza yetu, akasema, “Mwanangu, najua kazi ni nyingi.” Hatukuziomba ndizi hizo. Tulizipokea, zikapikwa nyumbani kwetu, watoto wakala. Saraka yenye jalada lake ilikuwa shubiri moja kutoka mahali alipouweka mkungu. Miezi minane ilikuwa imepita tangu siku ile ya kwanza.

Hatukulala. Sisi hatukuwa tumelisahau jambo hili; tungekuwa tumelisahau tungekuwa na nafuu. Tulikuwa tukilijua kila siku, na kila siku palikuwa na kelele za kutosha za kulifunika. Kulipopambazuka tulimwendea Padre. Tulitaraji maneno makali, au pengine twasema kweli tulitaraji maneno ya kututuliza. Hakutoa hata moja. Aliuliza, “Jalada liko wapi sasa?” Tukasema, katika saraka. Akauliza tena, “Na Jumatatu ofisi yafunguliwa saa ngapi?” Basi.

Jumatatu saa moja na nusu tulifungua saraka. Tulilichukua jalada kwa mkubwa wetu wa kazi tukamweleza yote, pamoja na habari ya ndizi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akatutaka tuandike maelezo. Maelezo yale yamo katika jalada letu sisi hata leo, pamoja na barua ya onyo, na mwaka ule majina ya waliopandishwa daraja yalipotoka letu halikuwemo. Wenzetu wengine walituambia kwamba tulikuwa wajinga, kwa maana tungeweza kutengeneza hati ile kimya kimya na kuandika tarehe ya nyuma. Ni kweli, tungeweza. Kimya cha namna hiyo twakijua sote.

Jumamosi iliyofuata tulipanda pikipiki kwenda kwa Mama huyo. Hakuwa nyumbani kwake. Alikuwa kwa binti yake, kijiji cha pili. Tulipofika alitandika mkeka, akatusalimu kama mtu asalimuye mgeni wa heshima, nasi tulitamani ardhi ipasuke. Tulimweleza kwamba karatasi hazikwenda popote, kwamba kosa lilikuwa letu, na kwamba twahitaji aje kuapa juu ya jina la mumewe, nauli juu yetu. Alitazama uwanjani. Ndipo tulipojua kwamba katika miezi ile alikuwa amekiweka rehani kipande cha kibanja cha marehemu, apate ada ya mjukuu.

Hatimaye alisema, “Kwa hiyo siku ile nilipoleta ndizi, karatasi zilikuwa pale pale?”

Tukasema, “Zilikuwa pale pale, Mama.”

Hakuuliza tena. Aliinuka, akamwambia binti yake alete maji ya kunawa, maana chakula kilikuwa tayari, na mgeni haachwi aondoke na njaa. Tulikula. Hatujapata kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Hati ya kiapo ilipatikana kwa siku moja. Karatasi zilikwenda mbele, na baada ya miezi mitano fedha zikalipwa. Walakini kipande kile cha kibanja hakikukombolewa. Muda wa mapatano ulikuwa umepita, aliyekishika amekwisha kupanda mibuni michanga, na wazee waliona hakuna njia. Twapita njia ile mara kwa mara. Mibuni inastawi.

Turudi katika habari za mafungo, kwa maana wanachama wametuuliza maswali, na Bwana Mwandishi ametuomba tuyajibu.

Mmoja ameuliza kama kimya si desturi ya kigeni, kwa kuwa Mwafrika ni mtu wa maneno na ngoma. Hatukubali. Nani miongoni mwetu hakulelewa na mzee aliyeweza kukaa jioni nzima na mgeni wake, wote wawili wakitafuna kahawa iliyokaushwa, wakisema maneno matano tu? Na msibani kwetu jembe hulazwa, watu wakakaa pamoja siku kadhaa, na anayesema sana huonekana hana adabu. Tulichokipoteza si cha kigeni.

Mwingine ameuliza kama kimya chafaa kila mtu. Hili tulimwuliza Padre, akasema hapana. Aliyefiwa juzi, au mwenye maradhi ya akili, asiende bila kushauriana kwanza na mganga wake na mwenye kuongoza mafungo, kwa sababu kimya chaweza kumzidishia mtu uzito. Miongoni mwetu alikuwamo mwalimu mmoja aliyefiwa na mkewe mwaka ule. Siku ya pili alikuwa akitembea na Padre bondeni wakizungumza, wala hakuna aliyemhesabu kuwa amevunja sheria.

Wa tatu, ambaye hatutamtaja ingawa ameketi pale nyuma anacheka, ameuliza kama wake zetu waliona tofauti. Twajibu kwamba waliona kwa juma mbili. Baada ya hapo ilibidi tukumbushwe.

Zoezi la jioni twaendelea nalo, si kila siku. Tungesema kila siku tungedanganya. Twalifanya mezani ofisini kabla ya kufunga mlango, kwa njia yetu ya kikarani: twafungua saraka zote, ya chini kwanza, twauliza ni nani anayengoja kilichomo humu. Mara nyingi ni dakika tano. Mara nyingine hutuchelewesha kurudi nyumbani.

Sasa shauri tulilo nalo mbele ya chama ni hili. Tungependa mwaka ujao chama kitafute mahali na siku tatu za likizo kwa wanachama watakao, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu pamoja, kila watu wakiwa na mwongozi wa dini yao na saa zao za sala, kimya kikiwa kimoja. Wale wa Tanga mwaka 1922 waliweza kukaa Waislamu na Wakristo katika chama kimoja. Nasi twaweza kunyamaza pamoja bila kugombana, maana kunyamaza hakuna itikadi. Gharama si kubwa: chakula, kuni, na shukrani kidogo kwa wenye majengo. Kila mtu aje na shuka, chandarua, sahani yake na viatu vya matope. Majina yaandikwe kwa Bwana Mwandishi kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Kikapu cha simu tutakileta sisi.